Robo eka yatosha kuuza mboga za asili
Mwenye robo eka Pongwe au Muheza, usisubiri upate eka tatu ndipo uanze kuuza mboga. Kinachomwangusha mkulima mdogo mara nyingi si udogo wa shamba, ni kusia mchicha wote siku moja: unakuwa tayari wote pamoja kwenye wiki ya tatu au ya nne, unaufikisha soko la Mgandini, Tanga mjini, kwa mkupuo, na mchuuzi anakupangia bei. Gawa matuta manne, sia moja kila wiki. Mnavu na mgagani using'oe, chuma ncha na ukate maua mapema, itachipua tena. Vuna alfajiri, joto la Tanga halina huruma na majani. Mihogo ya kisamvu? Mpakani tu, isile matuta.