Unapanda Marangu Desemba? Andaa VPN ya ofisi ukiwa bado Moshi mjini

Desemba ikikaribia, Moshi mjini kila mtu anahesabu siku za kupanda nyumbani: Marangu, Machame, Rombo. Ofisi ndogo nyingi zinafunga, lakini hesabu za mwisho wa mwaka hazingoji. Kama utahitaji mafaili yaliyo kwenye seva ya ofisi, VPN itakuwekea njia iliyosimbwa ndani ya intaneti, laptopu yako iwe kama imechomekwa kwenye ruta ya ofisini. Ila iandae kabla hujaondoka.

Anza na anwani za mtandao (IP), zile namba zinazotambulisha kila kifaa, maana ndizo zilizonitesa mimi. Mwaka mmoja, sebuleni kwa baba mdogo, VPN ilionyesha kijani, imeunganishwa, na folda ya hesabu ikakataa katakata kufunguka. Nilihangaika mpaka mtori ukapoa mezani. Seva ya ofisi ilikuwa 192.168.1.10, na ruta ya baba mdogo nayo inagawa anwani za 192.168.1. Laptopu ilikuwa inaitafuta seva mle mle sebuleni! Ruta nyingi hutoka kiwandani na anwani hizo, kwa hiyo badilisha za ofisi mapema, ziwe mfano 10.47.8. Ni kazi ya jioni moja, na usiisahau printa, nayo ina anwani yake.

Kisha tazama ofisi inapata intaneti kwa njia gani. Ruta za laini ya simu mara nyingi huwekwa na kampuni ya simu nyuma ya anwani moja wanayochangia wateja wengi. Ukiona upande wa intaneti anwani inaanza na 10, au iko kati ya 100.64 na 100.127, huwezi kuifikia kutoka nje hata ukifungua kwenye ruta poti 51820, mlango unaotumiwa na WireGuard, aina mojawapo ya VPN. Omba anwani ya umma isiyobadilika, au kodi seva ndogo ya nje ambako pande zote mbili zitakutana.

Umeme nao. Ukikatika ukarudi, seva inawaka yenyewe? Mpangilio huo uko kwenye BIOS, menyu ya mipangilio unayoifungua kompyuta inapoanza kuwaka. Izime seva vizuri, zima swichi ya ukutani, washa tena swichi hiyo, usimame hapo uone.

Kila mtu awe na ufunguo wake wa VPN, ili simu ikiibwa stendi ufute mmoja tu. PPTP, aina ya zamani ya VPN, achana nayo, usimbaji wake ulishavunjwa zamani. Na Oktoba 2023 TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, iliwataka watumiaji wa VPN, watu binafsi na kampuni, watoe taarifa kufikia tarehe 30 mwezi huo. Waulize ofisi yako inatakiwa kufanya nini.

Jaribio lisifanyike kwa Wi-Fi ya ofisini, litakudanganya. Washa hotspoti ya simu, toka nje, fungua faili lile lile utakalolihitaji, andika kitu, hifadhi. Halafu mwachie mwenzako anayebaki mjini ufunguo wa mlango wa ofisi, na umwonyeshe kitufe cha kuwashia seva.