Ndugu wa ukoo aliyepotea usimsachi yeye peke yake

Karibu kila anayefuatilia historia ya ukoo wake ana huyu mtu mmoja. Unamwona kwenye sensa akiwa mtoto, unamwona tena anaoa au anaolewa, alafu kimya, hakuna kaburi hakuna cheti hakuna chochote, na wengi tukifika hapo tunaandika jina lake kwenye sachi mara mia tunabadilisha mwaka tunabonyeza tena. Mi dada ya bibi yangu nilimtafuta hivyo karibu miaka miwili, na kumbe alikuwepo muda wote ila kwa jina la mume wa pili. Nilimpata kwenye cheti cha kifo cha kaka yake maana yeye ndo alienda kutoa taarifa ya kifo na jina lake likaandikwa pale pamoja na anwani. Nililia kwa kweli.

Kwahiyo kabla hujasachi tena chukua karatasi uandike maisha ya mtu wako mwaka kwa mwaka, alikuwa wapi, nyaraka gani inasema hivyo, na umri aliotaja. Umri usiuamini sana, mtu yuleyule anaweza kuwa na 30 kwenye sensa moja na miaka kumi baadae ana 37. Miaka ambayo karatasi yako iko tupu ndo ya kuchimba, sio maisha yote kwa mkupuo.

Alafu waandike watu waliomzunguka, na hapa ndo naomba utulie zaidi kuliko kwingine kote. Kaka na dada zake, mashahidi wa ndoa, wasimamizi wa ubatizo, jirani wa mlango wa pili kwenye sensa, aliyetoa taarifa ya kifo cha mzazi, waliotajwa kwenye wosia. Watu zamani hawakuhama peke yao, walimfuata shemeji au mtoto wa mjomba aliyetangulia, sasa ukijua ndugu wawili waliishia wapi nenda katafute huyo wa tatu hukohuko. Na wosia wa mzazi usome wote mpaka mwisho, mara nyingi binti anatajwa kwa jina la mumewe na hilo ndo jina ulilolikosa miaka yote.

Jina lenyewe sasa. Karani aliandika alivyosikia, na aliyekuja kuingiza kwenye kompyuta akasoma mwandiko alivyouona, S inageuka L, T inageuka F, kwahiyo ukiona ingizo linalokaribiana fungua picha ya ukurasa wenyewe usome kwa macho yako. Saiti nyingi zinatumia Soundex, mfumo ambao Robert Russell alipewa hataza yake Marekani 1918, unabaki na herufi ya kwanza alafu namba tatu za sauti, ndo maana Smith na Smyth wote ni S530. Lakini udhaifu wake uko hapohapo kwenye herufi ya kwanza, Catherine ni C365 na Katherine ni K365, hawakutani kamwe, kwahiyo badilisha herufi ya kwanza wewe mwenyewe. Jaribu pia kuacha jina la ukoo kabisa, weka jina la kwanza, mwaka wa kuzaliwa na majina ya wazazi tu.

Na ile hadithi kwamba jina la ukoo lilibadilishwa na makarani wa Ellis Island, kile kisiwa cha New York walikopokelewa wahamiaji walioingia Marekani kwa meli, sio kweli, wale walikuwa wanakagua orodha ya abiria iliyokuja na meli, imeandaliwa tayari kule safari ilikoanzia. Jina wengi walibadilisha wenyewe baadae, kwahiyo angalia faili la uraia, huko mara nyingine majina yote mawili yapo.

Kukosekana sio kufa. Sensa ya Marekani ya 1890 karibu yote iliharibika baada ya moto wa 1921, ya England na Wales ya 1931 iliungua 1942, na hifadhi ya nyaraka ya Dublin, Ireland, iliteketea 1922. Nyingine hazijafunguliwa tu, Marekani wanasubiri miaka 72, Uingereza 100, ndo maana sensa ya Marekani ya 1950 na ya England na Wales ya 1921 zote zilifunguliwa 2022. Pengo kama hilo unaliziba na magazeti, orodha za walipa kodi, vitabu vya kanisa. Angalia pia magereza na hospitali za wagonjwa wa akili, huko zamani wengine waliandikwa herufi za mwanzo za majina tu. Kama unahisi ni vita, Commonwealth War Graves Commission, tume inayotunza makaburi ya vita, wana majina ya wanajeshi wa Jumuiya ya Madola waliokufa vita zote mbili kuu, na kwa walioteswa na Wanazi kuna Arolsen Archives, hifadhi ya nyaraka iliyoko Ujerumani, kuulizia ni bure.

DNA inasaidia ila mpime mzee kabisa aliye hai kwanza, yeye yuko karibu zaidi na huyo aliyepotea. Mabinamu wa kwanza wanashea wastani wa asilimia 12.5, lakini mnaokutana kizazi cha nne juu yenu, kama mmoja kati ya kumi kipimo hakionyeshi undugu wowote, kwahiyo kutokuonekana kusikukatishe tamaa.

Ukimpata mjukuu wake aliye hai nenda taratibu sana. Kuna mtu aliondoka makusudi, kuna mtoto hajui kuna familia nyingine. Barua ya kwanza iwe fupi, sema wewe ni nani, mnaunganishwa na nani, weka picha moja ya zamani kama unayo, siri ya ukoo usiianike humo, na mwambie waziwazi kwamba asipotaka kujibu hutamsumbua. Alafu subiri kweli.