Kutoka Mombasa hadi darasani Thailand: namna ya kupata viza na kibali cha kufundisha Kiingereza

Mwongozo huu unamhusu Mkenya mwenye shahada ambaye angependa kufundisha Kiingereza nchini Thailand kwa njia halali, akiwa anaanzia hapa Mombasa. Nimeuandika baada ya kumsindikiza mpwa wangu kutoka ofisi moja hadi nyingine mpaka akapata kibali chake, na kwa sababu tangu hapo nimekuwa nikipigiwa simu na watu wenye maswali yale yale.

Nimeichagua Thailand kwa makusudi. Korea Kusini hutoa viza yake ya walimu wa Kiingereza, iitwayo E-2, kwa raia wa nchi saba tu: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Mkenya hayumo, hata awe na Kiingereza kizuri namna gani, na wakala anayekuahidi vinginevyo anakupotezea wakati. Thailand humruhusu Mkenya, ila humdai karatasi zaidi.

Hatua ya kwanza: jua kama unastahili

Unahitaji shahada ya kwanza. Si lazima iwe ya ualimu, lakini aliye na shahada ya elimu ana njia nyepesi mbele ya Baraza la Walimu la Thailand, liitwalo Khurusapha. Kwa kuwa Kenya haihesabiwi miongoni mwa nchi ambazo Kiingereza ni lugha ya mama, utatakiwa pia uonyeshe matokeo ya mtihani wa lugha. Alama zinazotajwa zaidi ni 600 za TOEIC. Mimi hupendekeza mtihani mwingine wa Kiingereza, IELTS, kwa sababu unaweza kuufanya Kenya kabla hujatumia hata shilingi ya nauli, na kwa sababu matokeo yake hukubaliwa pia na nchi nyingine iwapo mipango itabadilika. Matokeo hudumu miaka miwili, kwa hiyo usiufanye mapema mno.

Hatua ya pili: linganisha majina yako

Hapa ndipo siku zinapopotelea, hasa kwetu sisi watu wa Pwani, na ndiyo maana nitakaa hapa zaidi kuliko penginepo.

Chukua cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, pasipoti, cheti cha shahada na orodha ya alama za chuo, uvipange mezani kwa safu, kisha usome jina lako katika kila karatasi herufi kwa herufi. Usisome kwa mazoea, kwa maana jicho huliona jina linalolijua badala ya lile lililoandikwa. Katika karatasi za mpwa wangu, jina la baba lilikuwa Ali katika kitambulisho na Ally katika shahada, na jina la babu, ambalo limo katika pasipoti, halikuwamo kabisa katika vyeti vya shule. Wengine wana Khadija huku na Hadija kule, au Mohamed na Muhammad, au neno binti lililoandikwa na karani mmoja na kuachwa na mwingine. Hapa nyumbani hakuna anayejali, kwa kuwa kila mtu anajua wewe ni mtoto wa nani. Afisa aliyeko Bangkok hana habari hizo. Kwake Ali na Ally ni watu wawili.

Ikiwa tofauti ni ya tahajia au ya jina moja lililoachwa, afidaviti iliyoapwa mbele ya kamishna wa viapo hutosha mara nyingi. Mwambie wakili aandike kila umbo la jina kama lilivyo katika karatasi husika, akitaja karatasi hiyo na namba yake, kisha aseme kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja. Afidaviti isemayo kwa jumla tu kwamba "majina yangu yametofautiana" haina faida. Tena, afidaviti hiyo ni sehemu ya shahada yako kuanzia siku hiyo: popote shahada itakapopelekwa kuthibitishwa, nayo ipelekwe.

Ikiwa majina ni tofauti kabisa, afidaviti haitoshi. Itakubidi uwe na hati ya kubadilisha jina, ambayo husajiliwa na kutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na jambo hilo huchukua muda mrefu. Kwa maoni yangu, jina la kufuatwa ni lile lililo katika shahada, kwa kuwa ndiyo karatasi iliyo ngumu zaidi kurekebishwa na ndiyo itakayochunguzwa zaidi. Kitambulisho kiifuate shahada, na pasipoti ikifuate kitambulisho. Wengi hufanya kinyume chake kwa sababu tayari wanayo pasipoti na wanaionea uchungu pesa waliyoilipia. Mwanamke aliyechukua jina la mume baada ya kuhitimu aongeze cheti cha ndoa kilichosajiliwa.

Usiende hatua inayofuata kabla hili halijakwisha, kwa sababu muhuri uliogongwa kwenye karatasi yenye jina lenye utata huuthibitisha utata huohuo.

Hatua ya tatu: cheti cha tabia njema

Kiombe kupitia eCitizen, lipa, uchape fomu ya C24 pande mbili za karatasi moja, kisha ukachukuliwe alama za vidole Huduma Centre. Fomu iliyochapwa kwenye karatasi mbili hukataliwa.

Hatua ya nne: kuthibitisha vyeti

Anza na chuo kilichokupa shahada, kiwe TUM, Chuo Kikuu cha Pwani au kingine, ukaombe pia orodha ya alama katika bahasha iliyofungwa kwa lakiri. Baada ya hapo ni Wizara ya Mambo ya Nje, Nairobi, kisha ubalozi wa Thailand ulioko huko huko. Mimi husafiri kwa basi la usiku na si kwa treni ya asubuhi, kwa kuwa treni hiyo hukufikisha Syokimau baada ya saa saba mchana, na siku ya kazi imekwisha kukuponyoka.

Hatua ya tano: kutafuta shule

Muhula wa kwanza wa Thailand huanza katikati ya Mei na wa pili karibu na Novemba, kwa hiyo shule hutafuta walimu miezi michache kabla ya hapo. Zungumza na shule yenyewe, kwa video, na uombe mkataba ulioandikwa. Ukimtumia wakala, hakikisha kwanza kwamba amesajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Ajira.

Kuna jambo moja ambalo silijadili na mtu: usiende kwa viza ya utalii kwa ahadi ya kwamba utabadilishiwa huko. Tangu mwaka 2022 serikali imelazimika kuwarudisha nyumbani Wakenya walioahidiwa kazi nzuri Thailand wakaishia kuvushwa mpaka hadi Myanmar, wakalazimishwa kutapeli watu mtandaoni. Shule ya kweli itakutumia karatasi za viza ya kazi kabla hujapanda ndege.

Hatua ya sita: viza

Viza unayoitaka ni Non-Immigrant B. Huombwa mtandaoni, na shule hukutumia barua ya mwaliko, mkataba, nakala ya usajili wake na barua ya idhini kutoka mamlaka za nchi yao. Chanja homa ya manjano mapema, kwa kuwa cheti chake huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, na Thailand humdai cheti hicho kila atokaye Kenya. Ukitua Bangkok, pitia kwanza dawati la afya kabla ya kupanga foleni ya uhamiaji, la sivyo utarudishwa nyuma.

Hatua ya saba: ukishafika

Viza hukupa siku 90. Ndani ya muda huo shule hukuombea kibali cha kazi, na kwa asiye na shahada ya ualimu huomba pia ruhusa ya muda kutoka Khurusapha. Kisha idara ya uhamiaji hukuongezea ukaaji hadi mwaka mmoja. Usiingie darasani kabla kibali hakijatoka, hata mwalimu mkuu akikusihi. Mwenye nyumba naye anatakiwa kuripoti kwamba unaishi kwake kwa fomu ya TM.30, mkumbushe, kwa sababu wapo wasioijali, na ukosefu wake hukuzuia wewe, si yeye.

Kila baada ya siku 90 utaripoti anwani yako. Na ukitaka kuja nyumbani likizo, chukua kwanza ruhusa ya kurejea kwa fomu ya TM.8, baht 1,000 kwa safari moja au 3,800 kwa safari nyingi. Ukitoka bila ruhusa hiyo, ukaaji wako hufutika mara tu unapogongewa muhuri wa kutoka, na itabidi uombe viza upya kuanzia hatua ya sita.