Kabla ya Kulitembelea Korongo la Wisconsin Dells Majira ya Joto

Anayepanga kwenda Wisconsin Dells, katika jimbo la Wisconsin nchini Marekani, aamue kwanza anakwenda kuona nini, kwani siku hizi jina hilo limebeba mambo mawili: mji uliojaa mabwawa ya kuogelea na mitelezo ya maji, na korongo la Mto Wisconsin, la jiwe la mchanga lililochongwa na maji, ambalo ndilo lililowavuta wageni tangu karne ya 19. Ni rahisi mtu kumaliza siku tatu mjini na kurudi nyumbani bila kuuona mto. Mwenye siku moja tu ningemshauri autengee mto asubuhi yote, hata kama watoto watanung'unika.

Jambo la pili ni tiketi. Bwawa la umeme lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 20 limeugawa mto katika sehemu mbili, ya juu na ya chini, na boti haziwezi kuvuka kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kwa hiyo usidhani kwamba safari moja itakuonyesha pande zote. Safari ya sehemu ya juu huchukua saa mbili hivi, na abiria hushuka nchi kavu mara mbili. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo inayostahili fedha zako.

Kituo kimoja ni Witches Gulch, mpasuko mwembamba ambamo mtu hupita juu ya njia ya mbao, kuta zikiwa karibu naye kulia na kushoto, zimeota kuvu na madoadoa ya kijani kwa unyevunyevu. Mbao hizo huteleza zikilowa, kwa hiyo vaa viatu vya kufunga vyenye soli inayoshika, wala usivae kandambili, na mzee au mtoto mdogo apewe mkono. Beba pia sweta nyepesi, maana humo ndani kuna ubaridi hata mchana wa Julai.

Kituo cha pili ni Stand Rock, nguzo ya jiwe iliyosimama peke yake kando ya genge la mwamba. Mwaka 1886 mpiga picha H. H. Bennett alimpiga picha mwanawe Ashley akiwa hewani, akiruka kutoka gengeni kwenda juu ya nguzo hiyo, na picha za Bennett ndizo zilizolitangaza korongo hili mbali. Leo anayeruka ni mbwa aliyefunzwa, na chini yake umetandazwa wavu. Waambie vijana wako mapema kwamba kupanda kuta na kujirusha mtoni kutoka kwenye magenge kumekatazwa, tena jiwe hili ni laini, hata kucha huweza kulikwangua.

Atakayetembea msituni avae suruali ndefu na akague ngozi jioni, kwa sababu kupe wa Wisconsin hueneza ugonjwa wa Lyme, unaoletwa na bakteria. Angalia utabiri wa hali ya hewa pia, kwani ngurumo za mchana wa majira ya joto huja ghafla.

Asiye na gari asikate tamaa: treni ya Amtrak kutoka Chicago husimama mjini hapo, na reli ilifika tangu mwaka 1857, mji ukiitwa bado Kilbourn City. Kata tiketi ya kurudi mapema, hasa ukisafiri mwisho wa wiki.