Mwanao ni mtu mzima ila kila kitu anakupigia simu, fanya hivi

Naongelea watoto wetu wakubwa, wa miaka 18 kwenda juu, hapa kwetu Mwanza, wale walioko chuo Malimbe, wanaofanya vibarua Kirumba mwaloni, waliopanga vyumba Buhongwa na Nyakato, na hata wale waliomaliza chuo wakarudi nyumbani wanasubiri ajira. Kisheria ni watu wazima, wanapiga kura, ila koki ikivuja anapigiwa mama, mwenye nyumba akinuna anapigiwa baba. Na wengi wao sio wavivu kabisa, ni watoto wenye akili na heshima, shida ni kwamba hakuna aliyewahi kuwaachia tatizo mkononi mpaka wakalimaliza wenyewe. Hilo linafundishika hata akiwa na miaka 27.

Kazi kubwa iko kwenye zile dakika mbili tatu za kwanza za simu. Mtoto anasema shikamoo mama, marahaba mwanangu, mama huku umeme umekatika tangu saa kumi na mbili, na mzazi pale pale anaanza, haya ngoja nimpigie fundi wangu, nakutumia hela sasa hivi. Simu ikikatwa tatizo limeshahama, sasa ni la mzazi, kijana amekaa gizani anasubiri. Kwahiyo badala ya kutoa jibu muulize, kwa sauti ya kawaida tu bila kumsuta: umeshaangalia nini mpaka sasa? wewe unahisi ni nini? unataka kuanzia wapi? Mara ya kwanza atasema sijui mama, usikate tamaa, kaa kimya kidogo alafu mpe kitu kimoja cha kuangalia, kimoja tu, aende aangalie arudi kwenye simu.

Tuchukue huo huo umeme maana ndo unapigiwa simu sana. Mwambie achungulie nje majirani wana umeme au hawana. Kama mtaa mzima giza basi ni TANESCO, atoe taarifa yeye mwenyewe, sio wewe uliyeko Igoma utoe taarifa ya Buhongwa. Kama majirani wanao, aangalie mita imebaki yuniti ngapi. Kama zimeisha ananunua LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kwenye simu, namba ya mita ina tarakimu 11 aiandike sehemu asiyoipoteza, na tokeni inayokuja ni tarakimu 20 aingize taratibu. Kama yuniti zipo aangalie swichi kubwa imeshuka au la, ikiwa imeshuka achomoe vitu vyote, pasi, jagi la umeme, chaji, alafu aipandishe na kurudisha kimoja kimoja, kile kitakachoishusha tena ndo kibovu. Akisikia harufu ya kuungua au akiona cheche hapo asiguse kitu, aite fundi, na fundi amtafute yeye kwa kuuliza majirani zake, waelewane bei yeye na fundi. Kijana akipita njia hiyo mara moja tu, umeme hatakupigia tena.

Kuna mambo mengine mazuri kwa sababu hata ukitaka kumfanyia huwezi. Simu ikiibiwa, laini inarudishwa kwa namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, na alama za vidole vyake, sio vyako. Mwelekeze mpangilio tu: aazime simu, apige huduma kwa wateja wafunge laini na hela zilizomo haraka iwezekanavyo, akachukue ripoti ya upotevu polisi, alafu aende dukani kwa mtandao wake. Akisharudisha laini abonyeze *106# aone ni namba zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake, akikuta asiyoijua aseme hapo hapo. Na zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" azitume kwenda 15040, asibishane nao.

Barua ya serikali ya mtaa nayo mwache aende mwenyewe. Najua wewe na mwenyekiti wa mtaa mnafahamiana na ukienda inatoka haraka, ila siku akihamia mtaa ambao hakuna anayekujua itakuwaje? Kama kahamia Mkolani, wiki ile ile akajitambulishe kwa mjumbe na majirani, hata kama hana shida yoyote. TIN, namba ya mlipa kodi, vivyo hivyo, inatolewa bure, ajaze yeye, akikwama ndo akuulize sehemu aliyokwama.

Kupanga chumba nitakaa hapa kidogo maana ndo hela nyingi ya kwanza kijana anaitoa mkononi mwake, kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo na dalali naye anataka ya kwake. Mzazi usiende kumtafutia. Nenda naye kuangalia chumba kimoja cha mfano, muonyeshe unavyoangalia, alafu vingine aende mwenyewe akuletee majibu. Hapa kwetu mji una milima na mawe, nyumba nyingi ziko juu na maji mara nyingi yanapanda kwa shida, kwahiyo afungue bomba aone, na asiishie hapo, awaulize wapangaji wa ndani maji yanatoka siku gani na saa ngapi, sio amuulize dalali. Mita ya umeme ni ya kwake peke yake au wanachangia? Choo wangapi? Usiku njia ikoje kutoka kituo cha daladala? Mvua kubwa ikinyesha maji yanapita wapi? Mkataba uandikwe, kila akilipa apewe stakabadhi, na asitoe hela yoyote kabla hajaonana na mwenye nyumba mwenyewe. Akija kwako na vyumba viwili akasema hiki rahisi ila maji shida, kile ghali kidogo ila salama, mama unaonaje, mpe maoni yako vizuri, hiyo ni haki yake, ila neno la mwisho aseme yeye hata kama wewe ungechagua kingine.

Sasa hela. Hapa wazazi ndo tunapolainika. Mtoto wa chuo bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo wa chuo, linaingia kwa awamu, wiki ya kwanza chipsi kuku kila siku, wiki ya tano anakupigia sauti imepoa. Ushauri wangu, bumu likiingia tu mkae naye, hata kwa simu, agawe mwenyewe kwa wiki, kodi na nauli vitoke kwanza, kinachobaki ndo cha kula, na hela ya kula aiweke mbali na laini anayoitumia kila siku. Ikiisha kabla ya wakati usitume kiasi kile kile alichoomba bila maneno. Muulize mpango wake ni upi mpaka awamu ijayo, atapika wapi, atachanga na nani, dagaa na unga vinalisha watu wanne kwa hela ya chipsi ya mtu mmoja. Ukiamua kusaidia sema wazi kiasi na tarehe, na kama ni mkopo iwe mkopo kweli na arudishe hata kidogo kidogo. Ila muulize pia, kwa upole sana, kama amekopa mahali. Mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, na hizi programu za simu zinawamaliza vijana, wakichelewa kulipa wanatukanwa na watu wote walioko kwenye simu yao wanatumiwa meseji. Benki Kuu ilishatoa orodha mwaka 2024 ya programu zinazokopesha bila leseni, muonyeshe. Kwenye deni la namna hiyo usimuache peke yake, kaeni chini mpange pamoja kulimaliza, ila anayeongea na mkopeshaji awe yeye na wewe umekaa pembeni.

Na kuna simu ambazo hutakiwi kuuliza maswali yoyote. Homa kali huku anaongea vitu havieleweki, anatapika kila kitu, anapumua kwa shida, amepata degedege, hapo ni hospitali sasa hivi na wewe unaondoka nyumbani. Amekamatwa na polisi, anapigwa na mwenzi wake, anasema amechoka kuishi, nenda. Kama uko Sengerema, tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 husubiri kivuko tena, utafika. Ila urahisi huo huo usikufanye uvuke kila wiki kwenda kumfulia na kumnunulia gesi.

Homa ya kawaida aijue mwenyewe. Ziwani huku malaria ipo mwaka mzima, kwahiyo akijisikia vibaya akapime siku hiyo hiyo, asinunue dawa kwa kukisia wala asimeze zilizobaki kwa rafiki. Akipewa dawa mseto ya malaria ale chakula kwanza na amalize siku tatu zote hata kama siku ya pili amejisikia mzima. Akiingia kwa daktari ajieleze mwenyewe, mzazi ukiwepo kaa kimya, nimeona mtu wa miaka 23 anaulizwa unaumwa wapi, anajibu mama yake.

Jambo lingine, tusiwafundishe nusu nusu. Mtoto wa kiume anajua kubadilisha taa ila hajui kupika ugali ukaiva, wa kike anajua nyumba nzima ila fundi akija anamtafuta kaka yake aongee naye. Wakati bado wako kwako badilisha zamu. Msichana amsimamie fundi bomba, aulize bei ya kila kifaa, ajue valvu ya kufungia maji yote iko wapi. Mvulana apewe hela ya mboga ya wiki aende sokoni mwenyewe, ajue sato amepanda bei anunue nini badala yake. Na yule aliyerudi nyumbani baada ya chuo mpe kitu kimoja kizima kiwe chake, mfano LUKU ya nyumba, ajue zinatumika yuniti ngapi kwa wiki, zikikaribia kuisha ni yeye wa kuhangaika, hata kama hela unatoa wewe kwa sasa. Zikiisha usiku usikimbilie simu yako, kaeni gizani nusu saa.

Atakosea, atalipa fundi zaidi ya bei, atanunua jiko likavuja. Akikusimulia msikilize mpaka mwisho, usiseme nilikwambia, muulize tu safari ijayo atafanyaje alafu mwendelee na stori nyingine.

Mwisho ni ndugu. Unaweza ukafanya yote haya alafu kijana akampigia bibi yake Ukerewe au shangazi, hela ikaingia ndani ya dakika tano kwa sababu bibi hawezi kulala mjukuu akiwa na shida. Usimlaumu bibi wala usimfiche. Mpigie kabla kijana hajampigia, muelezee unachofanya na kwa nini, na muombe akipigiwa aulize kwanza: mama yako amesema nini, na wewe mwenyewe umefikia wapi?