Maji kifuani kwa mgonjwa wa ICU: tafuta kiwambo kabla ya sindano

Wakuu, somo mliloomba hili hapa: jinsi ya kutafuta maji kifuani kwa ultrasound, na kuyatoa kwa sindano. Kama hujawahi kuchoma, fanya ukiwa na msimamizi pembeni.

Hatua ya 1. Inua kichwa cha kitanda nyuzi 15 hivi. Mgonjwa wa mashine ya kupumulia hakai, kwa hiyo maji hulala nyuma. Chukua proba iliyopinda (kichwa cha ultrasound kinachogusa ngozi), iweke kwenye mstari wa nyuma wa kwapa. Vidole vyako vikigusa shuka, umefika.

Hatua ya 2. Kiwambo, msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Kwenye skrini ni ule utepe mweupe uliopinda juu ya ini au bandama, unaocheza na pumzi. Usipouona, usichome. Niliwahi kuona weusi mzuri (maji huonekana meusi) upande wa kulia nikaomba ganzi, nesi akauliza, "Dokta, tumbo lake umelishika?" Yalikuwa maji ya tumbo, chini ya kiwambo! Siku hizi natafuta na uti wa mgongo: kwa kawaida hewa ya pafu huuficha juu ya kiwambo. Ukiuona unaendelea kwenda juu, maji yapo kifuani kweli.

Hatua ya 3. Yatazame maji yenyewe. Chembe zinazoelea au nyuzi kama za buibui hukuelekeza kwenye usaha, damu au TB. Weusi mtupu hauthibitishi chochote, peleka maabara.

Hatua ya 4. Mgonjwa akimaliza kutoa pumzi, pima milimita kati ya pafu na ukuta wa kifua, zidisha kwa 20 (kanuni ya Balik, 2006). Milimita 40 ni kama mililita 800. Makadirio tu.

Hatua ya 5. Nafasi hiyo kati ya pafu na ukuta wa kifua isipungue milimita 15 hata akivuta pumzi. Ukishaweka alama, usimgeuze. Sindano ipite ukingo wa juu wa ubavu, maana mishipa imejificha chini ya ubavu. Akikohoa au kifua kikibana, simama; usizidishe lita 1.5 kwa mara moja. Kisha rudisha proba mbele uone kama pafu bado linateleza kwenye ukuta wa kifua, yaani hewa haijaingia katikati.

MASWALI

Dokta, eksirei ya kitandani haitoshi?
Mgonjwa amelala, maji yametandaa nyuma, unaona ukungu tu. Hata akiwa wima, huhitajika kama mililita 200 ndipo pembe ya chini ya kifua ifutike kwenye picha.

Kila maji tuyatoe?
Hapana. Moyo umechoka, maji yako pande zote mbili, homa hakuna: mpe furosemidi (dawa ya kukojoza maji) kwanza, upime tena kesho. Ila upande mmoja na homa, chukua sampuli hata kama ni kidogo.

Nyuzi zimejaa, sindano haivuti kitu.
Yamegawanyika vyumba vyumba. Acha kuchokonoa. Usaha unataka mrija, na daktari wa upasuaji aitwe mapema.

Sisi tuna mashine ya wajawazito tu.
Proba ni ileile. Chagua mpangilio wa tumbo, kina sentimita 15 hivi, na uifute vizuri kabla ya kuirudisha kliniki, masista wasije wakakunyima kesho.