Intaneti kutoka Lamu mjini hadi Shela kwa kupokezana: usihesabu miruko

Juzi nimemaliza kumfungia binamu yangu mtandao wa kupokezana: ruta tatu zenye OpenWrt (mfumo huria wa kuendeshea ruta), moja kwenye dari yetu mjini, moja kwa jamaa katikati ya njia, ya tatu kwenye nyumba yake ya wageni Shela. Kila hatua kutoka ruta moja hadi nyingine naiita mruko. Ni kama kilomita 3 tu, na zimenila wiki mbili.

1. Panda juu. Kuta zetu za mawe ya matumbawe humeza mawimbi. Antena iwe kwenye mlingoti darini, na viungo vya kebo uvivingirishie utepe wa mpira. Chumvi haina huruma.

2. Weka babeld, programu ya Babel, itifaki inayochagua data ipite njia gani kati ya ruta. Itifaki nyingine, AODV, hutafuta njia pale tu pakiti (kifurushi cha data) inapotaka kuondoka. Hiyo yafaa vifaa vinavyotembea, si mapaa yasiyohama. OLSR, nyingine tena, si mbaya, ila Babel ni nyepesi na nimeizoea, sibishani.

`interface wlan0 type wireless`
`local-port 33123`

Kama chini yake umewasha 802.11s (mtandao wa kupokezana wa Wi-Fi yenyewe, nao huchagua njia), weka `mesh_fwding '0'`, la sivyo itifaki mbili zitagombea usukani.

3. Chunga gharama ya njia, namba ambayo Babel huipa kila njia; ndogo ndiyo bora. Hapa ndipo nilipokwama. Asubuhi maji yamekupwa, mjini na Shela zinaonana moja kwa moja, mruko mmoja, safi. Saa kumi jioni simu ya binamu: "Kaka, mtandao umekufa tena." Nikabadilisha kebo, nikabadilisha ruta, nikamlaumu fundi wa umeme bure. Kumbe ni bamvua, maji makuu. Maji hapa hupanda karibu mita 3, na mawimbi yanayodunda juu ya bahari hufika yakipishana na yale yaliyokuja moja kwa moja, yakauana.

Basi Babel ingehamia njia ya katikati yenyewe, sivyo? Hesabu yake ni nzuri: kiungo kisichopoteza kitu ni 256. Pakiti zikifika asilimia 60 kwenda na 50 kurudi, zinazofaulu pande zote ni asilimia 30, na gharama hupanda hadi 853. Miruko miwili, kila mmoja ukifaulu pande zote asilimia 90, ni kama 570 kwa jumla. Miwili inaushinda mmoja.

Lakini haikuhama! Salamu ambazo Babel hupimia kiungo hutumwa kwa wote, na redio hutuma za namna hiyo kwa kasi ya chini kabisa: 6 Mb/s kwenye GHz 5. Kwa kasi hiyo hata kiungo kigonjwa huitikia "salama", huku video ya mgeni ikikwama. Kwenye sehemu ya `wifi-iface` ya mipangilio ya Wi-Fi, ruta zote tatu, ipandishe hadi 12 Mb/s:

`option mcast_rate '12000'`

Usisahau moja. Mimi nilisahau ya Shela, nikala siku nyingine nzima. Na usiende kasi mno. Nilipojaribu 24000, salamu za kiungo kizima nazo zikaanza kupotea.

4. Chaneli. Ruta ya katikati yenye redio moja haisikii na kusema kwa pamoja, hivyo kasi hushuka karibu nusu. Nunua yenye redio mbili, kila moja na chaneli yake.

5. Pima siku ya bamvua, jioni. Ingia kwenye ruta ya mjini, piga `nc ::1 33123`, kisha `dump`, uone gharama za njia. Jana saa kumi na robo njia ya moja kwa moja ilisoma 1,400 na zaidi, ya katikati haikufika 600. Binamu hakupiga simu.